Wagonjwa Tisa wa Nkoaleti

Alhamisi maji ya bomba hutoka mtaani Sakina kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja kamili. Inspekta Evaresta Tesha hujaza ndoo nne na pipa moja kabla ya kuvaa viatu vya kazini. Alhamisi hiyo alikuwa kwenye ndoo ya tatu simu ilipoita juu ya dirisha la jiko. Alifunga bomba kwa kiwiko, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Jambo, afande," alisema Koplo Calvin. "Pole kwa kukuamsha."

"Hujaniamsha. Sema."

"Mkuu anataka tuwe kwa madaktari saa mbili kamili. Kuna mtu kapika namba za wagonjwa."

"Nani kasema zimepikwa?"

"Diwani wa Nkoaleti. Kaleta malalamiko kwa maandishi jana jioni. Kagonga na mihuri miwili."

"Malalamiko yake mwenyewe, kayagongea mihuri?"

"Mmoja juu, mmoja chini, afande. Nadhani alitaka yasikimbie."

Evaresta aliiacha ndoo ya tatu ikiwa nusu, akaenda kubadili nguo.

Homa ya kifua ilikuwa imeingia upande wa Meru wiki tisa zilizopita. Wazee wanne walikuwa wamefariki, na shule za kata saba zilikuwa zimefungwa kwa wiki ya sita sasa. Saa nane mchana wa siku hiyo kamati ya mlipuko ilikuwa ikutane kuamua kama shule ya msingi Nkoaleti, yenye wanafunzi mia nne na kumi na wawili, ifunguliwe Jumatatu. Mpelelezi alikuwa na saa sita.

Mwenyekiti wa kamati, Dokta Aristides, alikuwa mrefu na mkavu, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Aliwapokea kwenye chumba chenye meza ndefu na bango moja la karatasi ukutani. Diwani Thomasi alikuwa amekwisha kaa. Kwenye kona, nyuma ya kompyuta, alikaa binti wa takwimu aitwaye Hope, ambaye alisalimia bila kuinua macho.

"Kigezo ni kimoja," daktari alisema. "Wagonjwa wapya wasizidi tisa kwa siku kumi na nne. Kata ikifika hapo, shule inafunguliwa Jumatatu inayofuata."

"Na Nkoaleti wako wangapi?"

"Tisa."

"Tisa kamili?"

"Ndiyo maana mheshimiwa ana wasiwasi."

Evaresta alisogea ukutani. Namba za Nkoaleti ziliandikwa kwa kalamu nene, wiki tano za mwisho: thelathini na moja, ishirini na tisa, thelathini na tatu, watano, wanne.

"Dada inspekta, hebu tazama mwenyewe," Diwani Thomasi alisema. "Thelathini na tatu, halafu watano! Ugonjwa umepanda basi la Babati? Mwalimu mkuu pale anaitwa Sifaeli. Ameandika barua nne anataka shule ifunguliwe. Na anayeleta namba ni mama mmoja, Elieshi, mhudumu wa afya. Wanasali kanisa moja."

"Wewe unasali wapi, mheshimiwa?"

"Hapo hapo."

Hope aliinamia kompyuta yake.

"Mimi nasema usalama wa watoto kwanza," diwani aliendelea. "Hata kama ni mpaka Januari, zifungwe."

"Barua za mwalimu zinasemaje?" Evaresta aliuliza.

Daktari alimsogezea faili. Barua zilikuwa nne, zote za mkono, kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha watoto kuandika. Zote ziliishia kwa sentensi moja: *Naomba utaratibu ufuatwe.* Hakuna barua iliyotaja mtihani wa darasa la saba. Evaresta alizisoma mara mbili, akamuuliza daktari kama mtihani haukuwa karibu.

"Wiki saba."

"Mwalimu mkuu anaomba shule ifunguliwe na hataji mtihani?"

Daktari alivaa miwani, akaziangalia barua.

Kwenye korido Evaresta alimwita Hope. Binti alitoka ameshika daftari kifuani.

"Tisa aliichagua nani?"

Hope alisema kitu kisichosikika.

"Sauti, mdogo wangu. Sitakula."

"Tulibishana siku mbili," Hope alisema. "Fomu ya kwanza niliitengeneza mimi. Ilikuwa na safu mbili, waliopimwa na waliokutwa nao. Wakaiondoa ya kwanza."

"Wakina nani?"

"Wote. Walisema redioni itasomwa namba moja, mbili zitawachanganya watu. Dokta mwanzoni alikuwa upande wangu. Baadaye akasema tusicheleweshe kikao."

"Kwa hiyo humu ndani hakuna anayejua Nkoaleti wamepimwa wangapi."

"Iko kwenye daftari la zahanati. Huku haifiki tena."

"Ulimwambia mtu kwamba hilo ni tatizo?"

"Niliandika kwenye muhtasari. Ukurasa wa nne."

"Ukurasa wa nne," Evaresta alirudia, akaandika.

Walipita Tengeru saa tatu na nusu, wakakata kushoto kupanda mlima. Lami iliisha penye mnara wa simu. Baada ya hapo ilikuwa migomba na kahawa pande zote, na njia nyekundu iliyoloa. Calvin, aliyelelewa mjini, Daraja Mbili, na ambaye hakupenda matope, aliendesha kwa kunung'unika.

"Vipimo vimewaishia, afande. Nakuambia. Hakuna vipimo, hakuna wagonjwa. Kesi imekwisha, tukanywe chai."

"Inawezekana."

"Au mama kachukua raba akafuta namba."

"Tutaona daftari."

Zahanati ya Nkoaleti ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye bati jipya. Elieshi alikuwa nje akianika barakoa za kitambaa kwenye uzio. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Alipoona kitambulisho cha polisi aliketi kwenye ngazi.

"Nimefanya nini?"

"Hatujasema umefanya. Vipimo vipo?"

Vilikuwepo. Kabatini kulikuwa na maboksi manne ambayo hayajafunguliwa, na muda wake ulikuwa unaisha mwakani. Calvin aliyahesabu, akakohoa kidogo, akayarudisha.

Evaresta alikaa na daftari. Kurasa zilikuwa na namba kwa chapa, na hakuna iliyokosekana. Aliinua kila ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na palipokwanguliwa wala kufutwa. Wino ulikuwa mmoja na mwandiko ulikuwa mmoja. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, wiki kwa wiki, akaandika pembeni kwenye daftari lake mwenyewe. Ilimchukua dakika ishirini.

"Calvin. Wiki ya kwanza wamepimwa mia moja na kumi na wanane, wakapatikana thelathini na mmoja. Ya pili mia moja ishirini na mmoja. Ya tatu mia moja ishirini na sita, wakapatikana thelathini na watatu."

"Robo."

"Kama robo. Sasa ya nne. Wamepimwa sita."

"Sita?"

"Wakapatikana watano. Wiki iliyopita wamepimwa watano, wakapatikana wanne."

Calvin alivuta kiti. "Tisa kati ya kumi na mmoja. Hiyo siyo homa kupungua, afande."

"Homa hatujui imefanya nini. Kilichopungua ni kupima." Alimgeukia Elieshi. "Mama, hizi wiki mbili umefanya kazi siku ngapi?"

"Zote. Nipo hapa kila siku."

"Mbona umepima watu kumi na mmoja tu?"

"Ndio waliokuja."

"Na wale mia moja na zaidi walikuwa wanakuja hapa?"

Elieshi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

"Hapa? Mtu wa huku haji zahanati kwa kikohozi, inspekta. Anayeumwa anapeleka jina kwa mzee wa kanisa, asomwe Jumapili kwenye maombi. Jumatatu nachukua ile karatasi, napita nyumba kwa nyumba. Napima aliyeandikwa na wote anaokaa nao. Ndivyo nilivyofanya tangu mwanzo. Ndivyo nilivyofanya hata na chanjo za watoto."

"Na Jumapili mbili zilizopita?"

"Ibada zimesimamishwa. Amri ya mikusanyiko. Mliitoa nyie wenyewe huko mjini."

Calvin aliacha kuandika.

"Kwa hiyo karatasi haikuja," Evaresta alisema.

"Haikuja."

"Hukushangaa?"

"Nilimshukuru Mungu," Elieshi alisema. "Niliona majina hayaji, nikasema watu wamepona."

Elieshi aliangalia daftari lililofunguliwa, kisha maboksi kabatini, kisha mikono yake.

"Yesu wangu," alisema.

"Karatasi huwa anaandika nani?"

"Mzee wa kanisa wa mtaa huu. Mwalimu Sifaeli."

Evaresta alifunga daftari, akaliingiza kwenye mfuko wa ushahidi, akamwandikia Elieshi risiti yake. "Chukua boksi moja la vipimo, mama. Tupeleke kwenye nyumba yoyote uliyokuwa unapita zamani. Chagua wewe."

Elieshi alichagua nyumba ya Mama Hanna, iliyo chini ya njia, ndani ya migomba. Mwenye nyumba alikuwa akimenya ndizi mbichi kwenye beseni. Evaresta na Calvin walivaa barakoa wakasimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si wa huku. Unavyotamka hivyo, wa Rombo?"

"Wa Rombo, mama."

"Karibu hivyo hivyo."

Kutoka ndani mtu alikohoa, akapumzika, akakohoa tena. Elieshi aliinua pazia akaingia. Alikaa dakika chache, akatoka na kijiti ndani ya kichupa, akakilaza kipimo juu ya kinu kilichopinduliwa. Wakasubiri robo saa. Mama Hanna aliendelea kumenya.

"Baba ameanza lini?" Evaresta aliuliza.

"Hii siku ya tisa. Na jirani hapo juu, yeye na mkwewe. Na wale wa penye mfereji, nyumba nzima."

"Na hamkumwita Elieshi?"

Mama Hanna aligeuka kwa Elieshi, amekunja uso. "Mimi ndiye wa kukuuliza wewe. Jina la mzee nilimpelekea mwalimu tangu Jumamosi ile, na hukuja! Nikasema labda umekasirikia yale maneno ya kwenye kwaya."

"Maneno gani ya kwaya, Mama Hanna? Mimi sikuliona jina!"

"Nililipeleka mwenyewe kwa mguu. Mwalimu akaliandika mbele yangu. Akasema tutaomba."

"Ibada hazipo," Evaresta alisema, "na watu bado wanapeleka majina?"

"Kuomba kumefungwa?" Mama Hanna aliuliza.

Kwenye kipimo mistari ilikuwa miwili: homa ipo. Elieshi alimpima na mama mwenyewe. Cha kwake nacho kilitoa miwili. Evaresta aliandika saa, jina la nyumba na matokeo, akawataka wote wawili watie saini. Elieshi alibaki kumhudumia mgonjwa na kuanza kupita nyumba za jirani.

Kwa Mwalimu Sifaeli mlango ulikuwa umefungwa. Shuleni hapakuwa na mtu. Mama aliyekuwa akikata majani kando ya uwanja alinyoosha mundu kuelekea upande wa chini.

"Saa hizi yuko shimoni. Kila siku saa tano anakwenda kuita majina."

"Majina ya nani?"

"Ya watoto wake," mama alisema, akaendelea kukata.

Shimo la moramu, kifusi cha kujazia barabara, lilikuwa kilomita mbili kutoka shuleni. Mlima ulikuwa umekatwa wima, mweusi, kwa urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na chini yake watu walichimba kwa sururu na kupakia kwa beleshi. Calvin aliegesha mbali na ukingo. Wakubwa walikuwa kumi, labda kumi na mbili. Waliobaki walikuwa watoto. Wengine walikuwa wamevaa kaptula za shule. Wasichana walibeba moramu kwenye karai kichwani mpaka kwenye tipa.

Kando ya tipa alisimama mwanamume mfupi mwenye koti la kaunda suti, daftari la mahudhurio limefunguliwa mkononi.

"Namnyaki."

"Nipo, mwalimu!" sauti ilijibu kutoka chini.

"Joel."

"Nipo!"

"Toka hapo ukutani, Joel. Upande huu. Lilian."

"Nipo."

Msimamizi wa shimo, amekaa kwenye kivuli cha tipa, alimwambia Calvin kwamba mwalimu ni mgonjwa wa kichwa lakini hana madhara. Calvin alikuwa anatazama kioo cha tipa. Kilikuwa na picha ya kampeni iliyopauka, nusu imechunwa na jua. Macho yalikuwa yamebaki, na kola ya shati, na herufi nne za mwisho za jina.

"Afande. Huyu si tulikuwa naye asubuhi?"

"Piga picha. Namba ya gari ionekane. Na ukuta. Na watoto, bila sura zao."

Alisubiri mwalimu amalize. Majina yalikuwa hamsini na manane.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyie ni polisi."

"Ndiyo. Inspekta Evaresta. Tunafuatilia namba za homa."

"Namba haziko kwangu. Namba ziko kwa Elieshi."

"Kwako kuna majina."

Mwalimu Sifaeli alifunga daftari, akaweka kidole ndani kuhifadhi ukurasa. "Mimi nasema utaratibu ufuatwe," alisema. "Ibada zimefungwa. Karatasi inatoka kanisani, inasomwa, ndipo inakwenda zahanati. Haijasomwa, basi haijatoka. Sijadanganya mtu."

"Sijasema umedanganya. Majina yako wapi?"

"Sijafuta namba ya mtu. Sijaongeza wala kupunguza."

"Najua. Nimelisoma daftari la zahanati mstari kwa mstari. Majina, mwalimu."

Alitazama chini shimoni, kisha akafungua daftari mwisho kabisa. Kati ya jalada na ukurasa wa mwisho kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa. Evaresta alizihesabu akiwa amesimama. Jumapili ya kwanza, kumi na tisa. Ya pili, ishirini na wanne.

"Arobaini na watatu," alisema. "Na hao ni wa kuandikwa tu, bila wanaokaa nao. Ulijua kigezo ni tisa?"

"Redio ilisema."

"Ulitaka shule ifunguliwe na nusu ya nyumba zina homa?"

"Nataka utaratibu ufuatwe."

"Ni jibu la barua zako. Siyo la swali langu."

Tipa liliwashwa, likatoa moshi, na watoto wakarudi nyuma.

"Hili shimo ni la nani?" Evaresta aliuliza.

"Shimo ni la mtu," alisema mwalimu.

"Panda gari. Tunakwenda kikaoni."

"Kama mtuhumiwa au kama shahidi?"

"Bado sijajua. Panda."

Kikao kilianza saa nane na dakika kumi. Evaresta aliweka mezani daftari la zahanati na zile karatasi mbili, akaeleza kwa mpangilio. Namba hazikughushiwa. Mhudumu wa afya alipima kwa kufuata karatasi ya maombi. Amri ya kuzuia mikusanyiko ilisimamisha ibada, karatasi ikakoma, upimaji ukakoma nayo. Majina arobaini na matatu yalibaki kwa mzee wa kanisa, ambaye ndiye mwalimu mkuu. Kabla hajamaliza, Elieshi alituma ujumbe: tangu mchana alikuwa amepima watu ishirini na wawili, na kumi na watatu walikuwa na homa.

"Si nilisema!" Diwani Thomasi aligonga meza. "Nilisema au sikusema? Huyu mzee awekwe ndani leo hii. Anataka kuua watoto wetu."

Mwalimu Sifaeli alikaa mwisho wa meza, mikono juu ya daftari la mahudhurio.

"Tulia, mheshimiwa," Dokta Aristides alisema. Alivua miwani. "Kwanza tuseme ukweli. Kigezo chetu kingefungua shule hii hata bila mwalimu kuficha kitu. Kama angeipoteza tu ile karatasi, tungefungua."

"Sasa tushushe kiwe watano," alisema diwani.

"Hata kikiwa sifuri."

Wote waligeuka. Hope alikuwa amesimama, daftari kifuani.

"Hata kikiwa sifuri," alirudia, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika. "Kata isiyopima mtu hata mmoja itakuwa na sifuri. Itakuwa ya kwanza kufungua."

"Sasa wewe unatakaje?" daktari aliuliza.

"Safu mbili. Kila wiki wapimwe wasiopungua mia moja. Wakipatikana chini ya watano katika kila mia, wiki mbili mfululizo, shule ifunguliwe. Wasipofika mia, tuseme hatujui. Tusiseme wamepona."

"Watu hawaelewi mambo ya asilimia, binti," diwani alisema.

"Wanaelewa watano katika mia, mheshimiwa. Hata mayai wanahesabu hivyo."

Mtu alicheka. Daktari aliandika. Aliuliza kama kuna anayepinga, na hakuna aliyepinga. Kwa kigezo hicho, alisema, Nkoaleti haikuwa karibu. Shule ingebaki imefungwa angalau wiki tatu nyingine, labda mpaka mtihani.

"Sawasawa kabisa," alisema Diwani Thomasi, akaegemea kiti.

Evaresta alikuwa bado amesimama. Faili la barua lilikuwa mbele yake.

"Mwalimu," alisema. "Kabla sijaandika kwamba wewe ni mtuhumiwa. Nimekuuliza mara mbili, na mara mbili umenijibu utaratibu. Umeandika barua nne na hukutaja mtihani hata mara moja. Kwa hiyo sio mtihani. Nataka uiambie kamati ulikuwa unaomba nini."

"Naomba utaratibu..." Mwalimu Sifaeli alianza, akakoma.

Alinyanyuka polepole. Alikuwa mfupi kiasi kwamba kusimama hakukubadilisha sana.

"Majina nilificha mimi," alisema. "Elieshi asiguswe, hakujua. Hiyo namba ya binti ni nzuri, na mimi naikubali. Nyumba zile zinaumwa, najua, niliandika majina yao kwa mkono wangu." Alikohoa kusafisha koo. "Lakini mkifunga shule, watoto wangu hawakai nyumbani. Wanakwenda shimoni kuchimba moramu. Leo wapo hamsini na wanane. Mwaka ule shule zilipofungwa nchi nzima, ukuta wa shimo ulimwangukia Ephraimu, darasa la tano. Tulimfukua mimi na baba yake. Sikuona fomu yenye safu yake."

"Shimo gani hilo?" Dokta Aristides aliuliza.

Mwalimu aligeuka. Tangu aingie chumbani alikuwa hajamtazama diwani, na sasa alimtazama.

"Lako, Thomasi. Umeniezekea madarasa mawili, na harusi ya binti yangu ulisimamia wewe. Kila barua niliketi nikataka kuandika hili, nikaandika utaratibu. Sikuwa nikitaka shule ifunguliwe. Nilitaka watoto watoke mle ndani, na shule ndiyo njia pekee ambayo ningeweza kuitaja bila kukutaja wewe."

Alimgeukia daktari.

"Shule ibaki imefungwa, daktari. Na shimo mlifunge leo."